Boksi la Vipande 108, Laki Sita za Kikoba na Namba Kumi Iliyopotea

Wiki iliyopita kaja dogo mmoja hapa gereji, ametoka chuo cha ufundi VETA juzi juzi tu, ana laki mbili mfukoni kapewa na mjomba wake baada ya mnada wa korosho. Ananiuliza kaka ninunue spana gani, nichukue lile boksi la vipande mia na nane nimeliona sokoni au nijibane ninunue chache za orijino. Nikamwambia vuta tairi ukae, maana hilo swali mi nimelijibu vibaya mara mbili, ya kwanza nilinunua za bei rahisi na ya pili nikanunua za bei mbaya, zote zimenitoa hela na moja imenitoa na damu juu.

Ufundi nimejifunza hapa hapa Mtwara mjini, chini ya mwembe, kwa mzee mmoja ambae hakuwa na boksi la spana hata siku moja. Alikua na ndoo ya rangi ya lita ishirini, ndani mna spana nyeusi nyeusi, hakuna mbili zinazofanana, nyingi zilitoka kwenye mabuti ya gari za Japan zile zinazokuja na jeki yake na spana yake ya tairi, nyingine aliachiwa na mafundi wenzake waliostaafu. Mi kipindi hicho nina miaka ishirini na mbili najiona mjuaji, ile ndoo ilikua inanitia aibu mbele ya wateja, najisemea nikianza kujitegemea nitakua na boksi langu linang'aa, ukifungua tu mteja anajua hapa kuna fundi.

Nikajitegemea kweli, nikapata kibanda Mkanaledi, na kitu cha kwanza ni boksi. Laki moja na elfu ishirini, vipande 108, jeusi, ndani kila kitu kimelala kwenye nafasi yake, soketi kuanzia namba 4 mpaka 32 (namba ni upana wa kichwa cha nati kwa milimita), racheti mbili za kuzungushia soketi, bisibisi, vibiti vya nyota, kila kipande kimegongwa mhuri wa Chrome Vanadium, yani chuma kigumu cha spana. Jina la kampuni silitaji, kwanza hata halikua jina, ilikua ni herufi tu zimepangwa zifanane na za kampuni kubwa. Mwezi wa kwanza sikuona tatizo kwa sababu kazi zilikua za kumwaga oili na kubadilisha plagi, nati ambazo zimefunguliwa mara mia na hazina ubishi. Nikapita na boksi langu kwa mzee kujishaua kidogo. Akachukua soketi namba 12, akachomoa boliti mpya mfukoni kwake (siku zote alikua na maboliti mawili matatu mfukoni), akaichomeka, akaitikisa sikioni kwangu. Ikalia kama njuga. Akasema, "Njomba, hii ni njuga, kacheze nayo ngoma." Nikacheka, nikaondoka, sikuelewa.

Nilielewa kwa mwalimu mmoja aliyekuja na Noah yake kutoka Newala, breki inazama hadi chini, anataka itolewe upepo arudi siku hiyo hiyo. Kazi ya nusu saa. Gari za huku kwetu mnazijua, upepo wa bahari na vumbi, ile nipo, kiboliti cha kutolea upepo, ilikua imeshikana na kalipa, ile inayobana breki, kama mtu kaichomelea. Nikaingiza spana namba 10 ya kwenye boksi, ya mdomo wazi. Nikavuta, nikasikia imelegea, nikafurahi! Kumbe haijalegea nati, mdomo wa spana ndo umetanuka na kona zimeshaliwa. Nikageuza upande wa ringi, ikazunguka tu. Nikakamata na vaisi gripu, nipo ikakatika ndani.

Hapo nilitakiwa nisimame, ila ndo kwanza nikashikwa na hasira za kijana, nikapachika tindo jembamba na nyundo, mkono ukaenda wote kwenye ukingo wa shokapu. Nyuzi nne hapa kwenye fundo la kidole cha kati, kovu lipo mpaka leo na msimu wa baridi linavuta. Mwalimu wa watu akalala kwa ndugu yake siku tatu. Kalipa ya mtumba ikaagizwa Dar, elfu sabini pamoja na mzigo wa basi, nikalipa mimi, na hela ya ufundi sikuthubutu kumdai. Ukipiga hesabu, spana moja ambayo kwenye lile boksi haifiki hata elfu mbili ilinila zaidi ya nusu ya bei ya boksi zima, ukiacha kidole, ukiacha mwalimu ambae sijamuona tena.

Kitu ambacho sikukijua kipindi hicho ni hiki. Kichwa cha boliti kina kona sita na ubavu sita. Spana ikiwa pana kidogo tu haikai kwenye ubavu, inakaa kwenye ncha ya kona, na nguvu zako zote zinaishia kwenye ncha. Ncha ikiliwa mara moja basi, hata ulete spana ya malaika inateleza. Hizi kampuni kubwa kama Snap-on ya Marekani au zile za Wajerumani, Stahlwille, Hazet, Gedore, soketi zao zimechongwa ndani kwa namna ambayo mguso unahama kutoka kwenye ncha unakuja ubavuni. Hicho ndo kikubwa unachokilipia pale. Sio kung'aa, vya kung'aa hata sufuria inang'aa. Na ukiwa na soketi za kona kumi na mbili na za kona sita, kwa nati yenye kutu chukua ya kona sita, ile ya kumi na mbili inaingia haraka ila inashika kidogo. Lile boksi langu karibu soketi zote zilikua za kumi na mbili.

Sasa mtu akiungua na uji si anapuliza hadi maji, mi nikaruka upande wa pili kabisa. Mwaka 2018 kabla ya msimu nikaingia YouTube usiku kucha, naangalia mafundi wa Ulaya wanafungua droo wanaonyesha spana kama mahari. Nikashawishika kwamba fundi wa kweli ni spana ya kweli. Nilikua na laki mbili na nusu, nikakopa laki sita kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikapanda basi hadi Dar, Gerezani, nikanunua seti ya Kijerumani laki nane na nusu, soketi na racheti na toki renchi yake, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, inalia tik nguvu ikifika. Muuzaji akaniambia hii ina garantii ya maisha, ikivunjika unaleta unapewa mpya. Nikarudi Mtwara nimeikumbatia mapajani njia nzima, hata pale Nangurukuru watu wanashuka kula mi sijashuka.

Hesabu yangu ilikua rahisi, msimu wa korosho huku ndo watu wanapata hela za kutengeneza gari, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili nalipa kikoba chote. Mnaokumbuka msimu ule mshajua. Wakulima waligomea bei kwenye minada, Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likaingia kubeba, kukawa na uhakiki, hela haikufika mikononi mwa watu kwa wakati niliouhesabu mimi. Gari zikapaki. Pikipiki zinatembea na tairi limebaki uzi. Na mimi nimekaa kibandani na seti ya laki nane na nusu, nazifuta kwa kitambaa kila asubuhi, sina nati ya kufungua. Marejesho ya kikoba hayajui korosho wala nini, kila Jumapili kina mama wananitazama. Niliuza friji. Simlaumu mtu, kosa ni langu, nilikopa kwa hela ambayo bado iko kwenye mkorosho wa mtu mwingine.

Na ile seti sasa. Spana zenyewe ni nzuri, sitaki kudanganya, mara ya kwanza nafungua nipo ya breki kwa spana inayokaa sawasawa nilihisi kama napeana mkono na mtu. Ila mimi ndo sikuwa fundi wa hiyo seti. Makosa yangu nayataja bila aibu.

Wiki ya pili namba 10 imepotea. Fundi yeyote anajua namba 10 haikai, ina miguu, sasa ya elfu tano ikipotea unatukana kidogo unaendelea, ile yangu nilikusanya mchanga wa kibanda kizima nikachekecha kwa chekecheo la ujenzi. Kununua moja tu ya kujazia, Mtwara hakuna, lazima Dar.

Alafu nikapata ile bunduki ya umeme ya kufungulia tairi, nikachomeka soketi yangu ya Kijerumani namba 21, ikapasuka. Nikaja juu, garantii! Nikapiga simu dukani, jamaa akauliza ilipasukia kwenye mkono au kwenye bunduki, nikasema bunduki, akacheka. Soketi za kung'aa ni ngumu, na kitu kigumu hakipendi kugongwa gongwa, bunduki ina soketi zake nyeusi, nene, chuma chake ni cha kromu na molibdeni kinachovumilia mtetemo. Hiyo haimo kwenye garantii ya mtu yeyote. Na hata ingekuwemo, kutoka hapa hadi Dar ni kilomita zaidi ya 500, nauli ya kwenda na kurudi na kulala ni soketi tatu. Garantii ya maisha ni tamu kwa mtu ambae duka liko mtaani kwake. Kwa sisi wa Mtwara, Lindi, Masasi, Liwale huko, swali sio kama watanibadilishia, swali ni kama hapa mjini naweza kupata nyingine leo jioni gari ya mtu ikiwa juu ya jeki.

La tatu ndo baya zaidi, toki renchi. Nilikua naitumia kufungulia nati za tairi kwa sababu ina mpini mrefu, mtu wangu, usifanye hivyo. Ile ni ya kukazia tu, ni kipimo kama mzani wa dukani, na ukimaliza kazi unairudisha spring yake kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka. Mi nilikua naiacha kwenye 103 siku nzima, maana nati za tairi za IST na ndugu zake nyingi wa Toyota zinakazwa Nm 103 (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), nikaona kwanini nihangaike kuizungusha. Baada ya miezi nikakata stadi mbili, zile boliti za tairi, za mteja kwa kukaza tu, nikashangaa. Jamaa wa yadi ya malori akaja na toki yake ya mshale, ile ya kizamani kijiti kinapinda mbele ya namba, tukalinganisha, tik ya yangu hailingani kabisa na kipimo. Nzuri kuliko zote kwenye seti, na niliiua mwenyewe. Hata ukiitunza vizuri, toki ya tik inatakiwa ikapimwe upya kila mwaka au kila baada ya kuitumia mara elfu tano, na huku kwetu unaipeleka wapi. Siku hizi natumia ya mshale, haina cha kuharibika, ukiona mshale hauko kwenye sifuri unaukunja kidogo unarudi.

Mwaka 2019 nikarudi kwa mzee nimenyooka. Sikwenda na boksi. Nikamuomba anifundishe kuchagua, akanituma dukani na boliti tatu mpya, yenye kichwa cha 10, cha 12 na cha 14, akasema ingia duka lolote, usiangalie jina, usiangalie bei, vaa boliti kwenye spana, tikisa. Inayolia iache. Inayokaa kimya iangalie mdomo kwa ndani, kama ukingo una vinyoya vya chuma na rangi imejaa mpaka ndani iache. Neno Germany likiwa limeandikwa kubwa kuliko namba ya spana iache pia, hapo nilicheka ila ni kweli, mihuri inagongwa na yeyote mwenye nyundo. Nimezunguka maduka ya Mtwara mjini siku nzima wenye maduka wananiona chizi. Nilichokuta ni kwamba kwenye zile za bei ya kati, za Taiwan na hata baadhi ya za China, kuna spana zinakaa kimya kabisa, na kwenye boksi moja unaweza kukuta namba 12 nzuri na namba 14 mbovu. Ndo maana kununua boksi limefungwa ni kama kununua dagaa gizani.

Kwaiyo sasa hivi nanunua kwa kuuliza swali moja, nati hii ikiharibika itanitoa shilingi ngapi? Nipo ya breki ikiliwa ni kalipa. Nati ya paipu ya breki ikiliwa ni paipu nzima, na hiyo inataka spana yake maalum, ringi iliyokatwa mdomo mdogo ili ipite kwenye paipu kisha ishike pande tano. Nilinunua namba 10 hiyo peke yake kwa elfu kumi na nane, mke wangu aliponiuliza nikamwambia elfu nane, imeshaokoa paipu sina idadi. Soketi 10, 12, 14 za kona sita, hizo nimenunua nzuri kwa sababu gari ya Kijapani karibu yote imefungwa na namba hizo, ukiongeza 8, 17, 19 na 21 umemaliza. Zile namba 13, 15, 16, 18 kwenye boksi zinakaa mpya mpaka boksi linakufa, utazitaka siku ukiletewa gari ya Ulaya.

Na bisibisi, jamani bisibisi. Watu wanadhani ya nyota ni ya nyota tu. Skrubu za Kijapani, zile za kabureta na za kifuniko cha mafuta ya breki kwenye pikipiki, msalaba wake umechongwa tofauti na wa Kizungu, bisibisi ya kawaida haifiki chini, inapanda juu inakwangua. Ukiona kitone kidogo pembeni ya msalaba ujue ni ya Kijapani. Nimeharibu skrubu za kabureta za mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho misimu mitatu nikidhani ni salfa imezila (na kweli salfa ikipata unyevu inakula chuma, hilo lipo), kumbe ni bisibisi yangu. Ya Kijapani inaingia hata kwenye za Kizungu, kwaiyo ukinunua moja nunua hiyo.

Vya rahisi nanunua bila hata kufikiri mara mbili. Nyundo, tindo, panchi, mtaimbo, brashi ya waya, soketi kubwa kama 30 ya nati ya hab ambayo naitumia mara chache. Plaizi iko katikati. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ninayo moja nzuri, muundo huu tunaoutumia ni wa Msweden mmoja, Johan Petter Johansson, aliupatia hataza 1892 na kampuni yake ndo baadae ikaja kuwa hii tunayoiita Bahco, ila nzuri au mbaya mi naiweka mbali na breki, kazi yake ni kushikilia upande wa pili boliti isizunguke.

Tena kabla hujailaumu spana, safisha kichwa cha nati. Kutu ya huku pwani inavimba, unafikiri spana imekaa kumbe imekaa juu ya kutu. Brashi ya waya kwanza, gonga kichwa kwa nyundo mara tatu nne, mimina mafuta ya kupenya au changanya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na thina, nenda kanywe chai. Nusu ya nati nilizoziua enzi zile zilitaka chai tu. Na jioni zifute spana kwa kitambaa chenye oili, kromu za bei rahisi zikikaa mwezi na hewa ya chumvi zinaanza kubanduka kama magamba na zile magamba zinakata kidole kibaya.

Kitu cha mwisho kuhusu kuazimana, maana hakuna kinachomaliza spana za fundi wa huku kama majirani. Huwezi kukataa, leo kwake kesho kwako. Lile boksi langu la kwanza sikulitupa, nililimwaga kwenye ndoo ya lita ishirini, nikazipiga zote rangi nyekundu ya kupuliza. Hiyo ndo ndoo ya azima. Mtu akija na fundi naomba namba fulani, anaonyeshwa ndoo. Za kwangu ziko kwenye mfuko wa turubai, nazijua kwa kupapasa.

Dogo alisikiliza yote. Nikamwambia kwa laki mbili yako chukua soketi saba za kona sita na racheti moja yenye meno sabini na mbili, hiyo inasogea digrii tano tu kila jino kwaiyo inafanya kazi hata sehemu finyu, chukua spana za ringi na mdomo namba hizo hizo, bisibisi mbili za Kijapani, ile ya paipu ya breki ukiipata, nyundo yoyote, na elfu thelathini usiiguse, iache ya kununulia namba 10 itakapopotea. Kwa bei za huku inatosha ukinunua za kati na ukienda na boliti mfukoni. Akaitikia nimekuelewa kaka, akaondoka.

Jana kapita hapa, kabeba boksi jeusi, jipya, vipande mia na nane, linang'aa. Akanifungulia nione. Sikusema kitu. Leo asubuhi saa tatu karudi bila boksi, mikono imejaa oili, anaomba nimuazime namba 10 mara moja kuna Vitz kaifungua nusu. Nikamuonyesha ndoo.